Lori la mbele, lori la nyuma na hewa ya katikati: kisa cha barabara ya A9

Kati ya Juni 2018 na mwanzoni mwa 2019, malori mawili ya kampuni ya MAN yalikuwa yakienda na kurudi kwenye barabara kuu ya A9 nchini Ujerumani, kati ya bohari la kampuni ya usafirishaji ya DB Schenker lililo jirani na Munich na bohari lake la Nuremberg, safari ya kilomita zipatazo 145, huku lori la nyuma likiliandama la mbele kwa nafasi ya mita 15 hadi 21 tu. Hayakufungwa mnyororo wala chuma cha kuvutana. Kilichoyaunganisha kilikuwa ni mawasiliano ya redio, rada na kamera, kiasi kwamba la mbele lilipopunguza mwendo, la nyuma lilipunguza karibu papo hapo bila kumsubiri dereva wake aone taa za breki. Waliokaa kwenye usukani walikuwa madereva wa kazi, si wahandisi wa kiwandani, na baada ya kipindi cha kwanza cha kwenda bila mzigo, malori hayo yalianza kubeba shehena halisi za wateja. Mradi ulipotangaza matokeo yake jijini Berlin Mei 2019, malori yalikuwa yamekwisha kwenda kilomita 35,000.

Lengo lilikuwa kupunguza gharama ya mafuta kwa kupunguza ukinzani wa hewa, na matokeo yalikuwa haya: lori la nyuma liliokoa asilimia 3 hadi 4 ya dizeli, na lori la mbele asilimia 1.3. Kwa miaka kadhaa kabla ya hapo, kila aliyeitetea teknolojia hii alikuwa akitaja akiba ya kufikia asilimia 10 kwa lori linalofuata. Kilichonivutia katika kisa hiki ni kwamba hakuna kilichoharibika. Mfumo ulifanya kazi bila matatizo kwa asilimia 98 ya muda, dereva alilazimika kuingilia kati mara moja tu kwa kila kilomita 2,000, hapakuwa na ajali, na madereva waliridhika. Hata hivyo akiba iliyopatikana haikufika nusu ya ile iliyotarajiwa. Hoja yangu ni kwamba namba zote mbili, ile ya ahadi na ile ya A9, ni za kweli, na kwamba pengo lililopo kati yake linaelezeka kwa fizikia ya kawaida pamoja na hesabu ambazo mwenye magari yeyote anaweza kuzifanya kwa kalamu na karatasi.

Hewa ina uzito

Lori la masafa marefu la Ulaya lina kimo cha mita 4 na upana wa mita 2.55, kwa hiyo uso wake unaokabiliana na upepo ni kama mita 10 za mraba. Likienda kilomita 80 kwa saa, yaani mita 22 kwa sekunde, kila sekunde linapita mahali palipokuwa na mita za ujazo 220 za hewa, na hewa hiyo ina uzito unaozidi kilo 260. Yote inapaswa kuhama: juu, pembeni, chini ya fremu. Tukichukua kizio cha ukinzani (namba inayoonyesha umbo la gari linavyopingwa na hewa) cha 0.6, ambacho ni cha kawaida kwa lori la umbo la sanduku, kani inayolipinga lori hilo ni kama kilonyutoni 1.8, na injini hutumia takriban kilowati 40 kuishinda. Msuguano wa matairi kwenye lami, kwa lori la tani 40, unadai kama kilowati 50 nyingine. Kwa hiyo kwenye barabara tambarare na kwa mwendo huo, hewa inachukua chini kidogo ya nusu ya kazi ya injini, ama tuseme asilimia 40 na kitu, na kinachobaki ni cha matairi. Uwiano huu ni muhimu kuuweka akilini, kwa sababu kila anayesema kwamba kubanana, yaani malori yaliyounganishwa kufuatana kwa karibu namna hii, kunapunguza ukinzani wa hewa kwa asilimia 20 anasema, kwa upande wa mafuta, asilimia 8 au 9 tu, tena kabla ya kuondoa hasara nyingine zozote.

Kani hiyo hutoka sehemu mbili. Mbele ya kichwa cha lori hewa inarundikana, na kanieneo yake, yaani msukumo wake kwa kila kipande cha eneo, inapanda juu ya ile ya kawaida. Nyuma ya tela mambo yamegeuka: hewa inayoteleza ubavuni haiwezi kukata kona kali ya mlango wa nyuma, inajitenga na bodi, na kuacha eneo la hewa iliyovurugika lenye kanieneo ndogo. Lori linasukumwa kutoka mbele na kuvutwa kutoka nyuma kwa wakati mmoja, na jumla ya hayo mawili ndiyo ukinzani. Hewa iliyovurugika haibaki pale ilipoachwa. Inaburuzwa na lori kuelekea mbele kwa mwendo mdogo, na mkondo huo huendelea kwa makumi ya mita kabla ya kutulia.

Lori la pili likiingia ndani ya mkondo huo, hewa inayolikabili tayari inakwenda upande ule ule linakokwenda lenyewe, kama anavyojua mwendesha baiskeli anayejikinga nyuma ya basi. Kwa kuwa kani ya hewa hukua kwa mraba wa mwendo, kupungua kwa mwendo wa hewa kwa asilimia 10 tu kunaishusha kani hiyo kwa asilimia 19. Hilo ndilo fungu la lori la nyuma, na ndilo watu wengi hulielewa bila kufundishwa.

Fungu la lori la mbele ndilo huwashangaza. Lori linaloongoza halina wa kulikinga, sasa linaokoa vipi? Jibu limo katika ile nusu ya pili ya ukinzani. Lori la nyuma linasukuma mbele yake rundo la hewa yenye kanieneo kubwa. Likisogea karibu vya kutosha, rundo hilo linaingia katika eneo lile la kanieneo ndogo lililo nyuma ya tela la mbele na kulijaza kwa sehemu, hivyo mvuto wa nyuma unapungua. Lakini rundo hilo ni fupi. Nguvu yake huisha haraka kadiri nafasi inavyopanuka, na kwa mita 15 hadi 21 sehemu kubwa yake imekwisha kupotea. Asilimia 1.3 ya lori la mbele kule A9 haipaswi kumshangaza mtu, kwani ndiyo hasa fizikia inayotarajiwa kwa nafasi ile. Aliyetaka lori la mbele lipate zaidi alipaswa kuyasogeza malori hadi mita 6 au chini yake, na hapo panazuka matatizo mengine.

Namba za Texas

Ahadi ya asilimia 10 haikutungwa. Mwaka 2014 maabara ya taifa ya nishati jadidifu ya Marekani, NREL, iliyapima malori mawili yenye mfumo wa kampuni ya Peloton Technology kwenye uwanja wa majaribio ulioko Uvalde, Texas. Nafasi kati ya malori zilikuwa kuanzia mita 6 hadi 23, na mwendo ulikuwa kati ya kilomita 88 na 113 kwa saa. Lori la mbele liliokoa hadi asilimia 5.3, la nyuma kati ya asilimia 2.8 na 9.7, na kwa kuyachukua yote mawili kama jozi, akiba ilikuwa kati ya asilimia 3.7 na 6.4. Watangazaji wa teknolojia waliibeba ile 9.7. Ni haki yao, lakini mwenye magari mawili hulipa bili mbili za mafuta, na namba inayomhusu ni ya jozi.

Yapo mambo mawili kwenye jaribio la Texas yanayoelezea Ujerumani vizuri kuliko taarifa nyingi za habari zilivyofanya. La kwanza ni mwendo. Kati ya kilomita 104 kwa saa, mwendo wa kawaida wa lori la Marekani, na 80 za Ujerumani, kani ya hewa hutofautiana kwa karibu mara 1.7, ilhali msuguano wa matairi haubadiliki sana. Akiba ya hewa ni asilimia ya kitu ambacho Ujerumani kilikuwa kidogo tangu mwanzo.

La pili ni feni. Pale malori yaliposogeleana zaidi, akiba ya lori la nyuma haikuendelea kupanda, bali kuna hali ambapo ilishuka. Rejeta ya lori hutegemea upepo unaoingia kwa mbele ili kupoza injini, na lori lililojificha nyuma ya jingine limejinyima upepo huo. Joto la injini linapopanda, feni inawaka, na feni ya lori kubwa huendeshwa kwa nguvu ya injini ile ile. Kwa maneno mengine, hewa iliyookolewa usoni inalipiwa kwenye feni. Tatizo hili haliondoki kwa kuboresha programu ya kompyuta, kwani lori linalofuata kwa karibu lina faida na hasara zinazotoka kwenye chanzo kimoja. Wahandisi wanaweza kupanga upya njia za hewa za kupozea, lakini lori lile lile linapaswa pia kupanda mlima likiwa peke yake siku ya joto, kwa hiyo hawana uhuru mkubwa.

Lori la kulinganisha nalo ni lipi?

Hapa ndipo uchambuzi mwingi wa teknolojia hii unapoteleza kwa maoni yangu. Mtu akisema lori limeokoa asilimia 4, swali la kwanza linapaswa kuwa: kuliko lori gani? Kwenye uwanja wa majaribio lori la kulinganisha huwa peke yake, na hewa iliyo mbele yake imetulia kabisa. Njia ya kulia ya barabara kuu ya Ujerumani siku ya kazi haifanani na hapo. Ni mstari wa malori ambao hauna mwisho. Sheria inalitaka kila lori linalozidi tani 3.5 na linalokwenda zaidi ya kilomita 50 kwa saa kuacha angalau mita 50 kati yake na gari la mbele, na mita 50 si mbali kwa mkondo wa hewa iliyovurugika. Lori linalotii sheria tayari linabebwa kidogo na lile lililolitangulia, bila rada, bila redio, na bila mtu yeyote kulipia.

Ina maana kwamba mwenye magari asilinganishe malori yake yaliyounganishwa na lori lililo peke yake nyikani, bali alinganishe na lori lake lile lile la jana, lililokuwa kwenye foleni ya kawaida. Sehemu ya akiba inayopimwa dhidi ya barabara tupu alikuwa nayo tayari. Kusogea kutoka mita 50 hadi 15 kunamwongezea tofauti tu, na tofauti hiyo ni ndogo kuliko jumla iliyoandikwa kwenye vipeperushi.

Upepo nao haukusoma vipeperushi hivyo. Hewa ikivuma kutoka ubavuni, mkondo ulio nyuma ya lori la mbele unasukumwa kando, na lori la nyuma linajikuta na kona moja ya uso ndani ya kivuli na nyingine nje. Vilevile A9 si tambarare. Kutoka Munich inapita kwenye vilima vya Hallertau, kunakolimwa hopi za bia, kisha inapita kwenye bonde la mto Altmühl na kwenye Kindinger Berg, mlima ambao madereva wa njia hiyo wanaujua vizuri. Kwenye mwinuko wa asilimia 4, lori la tani 40 linavutwa nyuma na uzito wake kwa kani ya karibu kilonyutoni 16, mara tisa hivi ya kani ya hewa, na kwa kuwa mwendo wenyewe umeshuka, kani ya hewa nayo imepungua zaidi. Kubanana kwenye mlima ni sawa na kutokubanana. Tena, malori yasipokuwa na uzito unaolingana, lenye mzigo mkubwa linabaki nyuma na muungano unavunjika.

Bei ya kuachana na kurudiana

Jambo lililouumiza mpango huu kuliko yote, nadhani, ni kuvunjika kwa msafara. Mita 15 kati ya malori mawili ni nafasi inayomtosha mtu mwenye gari dogo anayetaka kutoka barabarani kwenye njia ya pembeni na hajali sana. Akichomekea, mfumo unapaswa kufungua nafasi mara moja. Penye makutano na penye ukarabati, nafasi inapaswa kufunguliwa mapema. Madereva waliohojiwa kwenye jaribio la A9 walisema kuchomekewa hakupendezi lakini si jambo la hatari, na kwa upande wa usalama sina sababu ya kuwapinga. Kwa upande wa mafuta hesabu ni nyingine.

Tuseme lori la nyuma, lenye tani 40, limelazimika kushuka kwa breki kutoka kilomita 80 hadi 75 kwa saa. Ni kilomita tano tu, abiria wa pembeni hata hahisi. Kurudi kwenye 80 kunahitaji megajuli 1.2 za nishati. Lita ya dizeli ina kama megajuli 36, na injini nzuri inazigeuza asilimia 40 kuwa kazi, kwa hiyo kitendo hicho kimoja kinakula lita 0.08 hivi. Upande wa pili, lori linalotumia lita 30 kwa kilomita 100 na kuokoa asilimia 3.5 linaokoa lita 0.01 kwa kila kilomita. Gawanya: kila mara lori linapopoteza kilomita tano za mwendo kwenye breki na kuzirudisha, akiba ya kilomita nane za kubanana imefutika. Wakichomekewa mara tano kati ya Munich na Nuremberg, wameshapoteza zaidi ya robo ya faida ya safari. Dereva akiachia mafuta mapema na kuliacha lori lipungue lenyewe, hasara ni ndogo, kwani mwendo uliopotea ulifanya kazi badala ya kugeuka joto kwenye breki. Ila kwa nafasi ya mita 15 mfumo hauna muda wa kuwa mpole hivyo.

Bado kuna hatua ya kuungana tena. Ili kuziba pengo, lori la nyuma linapaswa kwenda kasi kuliko la mbele kwa muda, au la mbele lisubiri. Malori ya Umoja wa Ulaya yana vidhibiti mwendo vinavyoyakata kwenye kilomita 90 kwa saa, hivyo nafasi ya kucheza ni finyu, na dakika hizo za kukimbiza ndizo dakika ambazo hewa inadai zaidi. Daimler, mpinzani mkubwa wa MAN, iliamua mapema kwamba kubanana hakulipi. Januari 2019, kwenye maonyesho ya teknolojia ya CES jijini Las Vegas, kitengo chake cha malori kilichokuwa kikiongozwa na Martin Daum kilitangaza kwamba kimejaribu mifumo hii kwa miaka kadhaa, hasa Marekani, na kwamba hata katika hali nzuri kabisa akiba ilikuwa chini ya matarajio, na ilizidi kupungua kila msafara ulipokatika na malori kulazimika kuongeza mwendo ili yaungane tena. Kwa safari ndefu za Marekani zenye malori mapya yaliyochongwa vizuri dhidi ya upepo, walisema hawakuona biashara yenye faida kwa wateja wao. Ni kampuni ile ile ambayo Aprili 2016 ilikuwa miongoni mwa watengenezaji sita, DAF, Iveco, MAN, Scania na Volvo wakiwemo, waliopeleka misafara ya malori yaliyounganishwa hadi bandari ya Rotterdam katika maonyesho yaliyoandaliwa na Uholanzi. Kwa hiyo taarifa ya A9 ilipotoka Mei 2019, mmoja wa wale sita alikuwa ameshajitoa kwa miezi minne.

Dakika saba

Wacha tuiweke akiba ya A9 katika fedha, kwa makadirio yangu mwenyewe ambayo msomaji anaweza kuyabadilisha apendavyo. Lori linakwenda kilomita 120,000 kwa mwaka na kutumia lita 36,000. DB Schenker, baada ya kuuchunguza mtandao wake wa Ulaya, ilikadiria kwamba asilimia 40 hivi ya usafirishaji wake ungeweza kufanyika kwa malori yaliyounganishwa. Basi lita 14,400 kwa kila lori ndizo zinazoguswa na akiba. Lori la nyuma likiokoa asilimia 3.5 na la mbele asilimia 1.3, jozi nzima inaokoa karibu lita 690 kwa mwaka. Kwa euro 1.1 kwa lita, hizo ni kama euro 760, kwa malori mawili, na kutoka humo ilipiwe rada, kamera, redio, matengenezo, bima na mtu wa ofisini anayezipanga safari ziondoke pamoja.

Mpangilio huo ndio unaomaliza hesabu. Malori mawili hayaondoki bohari dakika moja kwa bahati. Moja litamsubiri mwenzake. Tukimkadiria dereva wa Ujerumani kwa gharama ya euro 25 kwa saa, euro 760 zote zinameng'enywa na saa 30 za kusubiri kwa mwaka. Kwa siku 250 za kazi, ni dakika saba kwa siku. Jozi ikisubiriana zaidi ya dakika saba kwa siku, kubanana kumekuwa hasara hata kama vifaa vyote vilitolewa bure. Na tafadhali zingatia kwamba A9 ilikuwa njia iliyochaguliwa kwa sababu ndiyo rahisi: kampuni moja inamiliki safari zote mbili, bohari hizo mbili hutumiana mizigo kila siku, na suala la lori la mbele kuokoa kidogo kuliko la nyuma halina ugomvi kwa sababu mfuko ni mmoja. Kati ya kampuni mbili tofauti mtu angelazimika kwanza kuamua nani akae nyuma, kisha nani amlipe nani.

Kuhusu madereva, chuo kikuu cha Fresenius kilichoshirikiana kwenye mradi kiliwapima hadi mawimbi ya ubongo ili kuona kama kukaa nyuma ya tela kwa mita 15 kunawachosha au kunawatia wasiwasi zaidi, na hakikuona tofauti ya kutisha na uendeshaji wa kawaida. Madereva walianza na mashaka wakamaliza na imani, na baadhi yao waliona nafasi ya mita 10 hadi 15 ingewafaa zaidi. Nayaamini matokeo hayo kwa sharti moja, kwamba breki ziko mikononi mwa kompyuta. Kwa kilomita 80 kwa saa, mita 15 hupitwa kwa sekunde 0.7 hivi, na binadamu aliye makini huchukua kama sekunde nzima kutoka kuona hadi mguu kufika kwenye breki. Dereva wa masafa anayesoma haya akadhani amepata siri ya kupunguza dizeli kwa kumbana mwenzake bila mfumo wowote anapaswa kujua kwamba, lori la mbele likifunga breki kwa nguvu, ataligonga tela hata kama naye atafunga breki kwa nguvu zile zile.

Umbo dhidi ya ujirani

Kuna sentensi moja katika tangazo la Daimler ambayo haikupewa uzito uliostahili: ile inayotaja malori mapya yaliyochongwa vizuri. Turudi kwenye eneo la kanieneo ndogo lililo nyuma ya tela la mbele. Lori la nyuma linanufaika na hewa iliyovurugwa, na la mbele linanufaika pale eneo hilo linapojazwa. Faida zote mbili zinatokana na ubaya wa umbo la lori la mbele. Ukifunga mabawa ya kukunjwa kwenye kona za mlango wa nyuma, hewa inaelekezwa ndani taratibu, eneo hilo linapungua, na lori linaokoa mafuta peke yake, mchana na usiku, likiwa na mwenzake au bila mwenzake. Lakini limemwachia nini wa nyuma? Mkondo mwembamba zaidi. Kila hatua ya kulichonga lori vizuri inapunguza kile ambacho malori mawili yangeweza kugawana.

Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake namba 2015/719, ulikubali vichwa vya malori vya umbo refu na la mviringo zaidi pamoja na vifaa vya kupunguza ukinzani nyuma ya matela, bila kuvihesabu kwenye ukomo wa urefu uliokuwa umelazimisha maumbo ya sanduku kwa miongo mingi. Mwenye magari aliyekuwa na euro elfu kadhaa za kutumia mwaka 2019 alikuwa na chaguo mbili zinazopigana na adui yuleyule, moja ikihitaji mshirika, ratiba na barabara isiyo na wachomekeaji, na nyingine ikihitaji spana. Sioni ugumu wa uchaguzi huo.

Kama kubanana kwa malori kutarudi, hakutarudi kwa sababu ya hewa. Dereva anagharimu kampuni ya Ulaya Magharibi zaidi ya mafuta anayoweza kuyaokoa kwa njia hii mara nyingi mno, kwa hiyo lori la nyuma lisilo na dereva lingebadilisha hesabu yote hata likiokoa sifuri ya dizeli. Daimler yenyewe, katika tangazo lile lile la Januari 2019, iliahidi kuwekeza euro milioni 500 kwenye malori yanayojiendesha. Na lori la aina hiyo halina haja ya kukaa kwa mita 15. Linaweza kuacha mita 40 au 50, likawaruhusu wenye magari madogo kupita katikati, rejeta yake ikapata upepo wake, na bado likabebwa kidogo na mkondo wa lile lililo mbele, kama yanavyobebwa leo malori yote ya njia ya kulia kwenye A9.